Galoni Mbili

Miaka thelathini na mmoja nilikagua mizani,
Tukuyu, Kyela, Busokelo,
nikigonga mhuri mawe ya haki,
nikinyang'anya yaliyotobolewa tumbo.
Usije basi ukaniambia gudulia hili ni "la zamani."
Zamani si kipimo.

Lilikuwa jikoni kwa mama mkwe, Tupokigwe,
likizuia mlango upepo wa Rungwe unaposhuka.
Shingo fupi, mkono mmoja,
rangi ya maziwa yaliyokaribia kuungua;
begani ua la buluu, la mtu mwenye haraka,
na chini ya ua, tarakimu: 2.

Mbili nini?

Nikatoa kibaba cha shaba, mali ya serikali
(nilitakiwa kukirudisha nilipostaafu; sikukirudisha),
nikamimina maji, mjukuu wangu Lusajo
akihesabu kwa njiti za kiberiti.
Galoni mbili za Mwingereza zingefika lita tisa na kidogo.
Maji yakachungulia mdomoni kwenye saba na nusu.
Nikarudia. Saba na nusu, na vijiko vichache.
Galoni fupi hiyo, galoni ya Mmarekani!
Nikacheka peke yangu:
nimekamata pungufu isiyo na mwizi.

Umri je?
Gunzi lililozibia mdomo halisemi.
Tupokigwe alisema lilifika
"Mjerumani ameondoka, nzige hawajaja,"
kichwani mwa mpishi wa misheni, mafuta ya taa yakicheza ndani.
Lakini kufika si kuzaliwa.

Akaja Sanga wa Iringa, mchuuzi wa vitu vya kale,
na tochi, na lenzi, na koti la mitumba lenye mifuko tisa.
Akamulika ndani: kahawia, kama limekunywa uji wa ulezi.
Akakwaruza ua kwa ukucha.
"Hili limechorwa kwa mkono, halikugongwa muhuri.
Miaka mia na thelathini. Arobaini, ukinibana."
Nikambana. Akabaki palepale.

Siku hiyo Bi Syabumi alikuwa amepanda kutoka Ikombe
na vyungu vyake vimefungwa kwa majani makavu ya migomba.
Ua hakuliangalia.
Aligeuza gudulia kichwa chini, kama mkunga,
akapitisha kidole kwenye mistari ya kitako.
"Mimi chungu changu nakizunguka.
Hili lilizungushwa,
likakatwa kwa uzi kabla halijatulia."
Akapapasa ngozi yake, vinyweleo vya ganda la chungwa.
"Walilirushia nini motoni?"
"Chumvi," akasema Sanga.
Akaliramba.
"Imekwisha."

Kisha mkono: akaweka dole gumba pale lilipobonyea.
Halikukaa. Akajaribu la kushoto. Likakaa.
"Wa shoto huyu. Na alikuwa na njaa, amebandika vibaya."

Mdomoni akanyamaza.
Pale palipomeguka pana kiraka cheusi,
ulimbo na unga wa vigae, kimesuguliwa kwa kokoto
kwenda juu, kisha kukata kushoto, kisha juu.
Akatoa chungu chake kimoja, akakiweka kando.
Juu, kushoto, juu.
"Kiraka hiki ni cha mama.
Ni mwaka ule ziwa lilipanda likala kuni zetu zote,
akaja huku juu kuziba vya watu apate mahindi.
Mimi nilikuwa mgongoni."

Sanga akaandika kwenye kijitabu: *Dosari, mdomo.*
Akakata theluthi ya bei.

Nami nikafungua daftari langu la ukaguzi.
Chombo: gudulia. Ujazo: saba na nusu.
Umri: nikaandika wa Sanga,
nikaweka mkwaju, nikaandika wa Syabumi.
"Babu," Lusajo akasema, "mstari ni mmoja."
"Kalamu ni yangu."

Upepo ukashuka. Mlango ukagonga mara mbili,
sahani zikalia kabatini.
Sanga alikuwa bado anahesabu noti
mtoto alipolibeba gudulia kutoka mezani
akalirudisha pale sakafu ilipokwisha kuchimbika.